Maswali Yenu: Ofisi ya vald imehama, kijiji kimebaki na nani?

Mwezi huu mmenijaza barua kutoka vijijini Estonia, na karibu zote zinazunguka kitu kimoja, halmashauri zilizounganishwa na ofisi zilizohamia mbali. Naishi huko huko, kusini mashariki, mwaka wa kumi na nne huu, kwa hiyo nitawajibu kama jirani yenu. Kwa wasomaji wengine: küla ni kijiji, vald ni halmashauri ya vijijini yenye baraza lake la kuchaguliwa, wanaliita volikogu, na mkuu wake anaitwa vallavanem. Kijiji chenyewe hakina serikali, serikali inaanzia kwenye vald.

Shikamoo mama. Mi nimeolewa huku Võrumaa, mkoa wa kusini mashariki, mwaka wa tatu sasa, kijiji chetu wakati wa baridi nyumba zenye taa ni tisa tu. Kila tukipita kwenye lile jengo la zamani la vald mama mkwe anasema "hapa ndo palikuwa kwetu" halafu ananyamaza mpaka tunafika nyumbani. Ofisi sasa iko kilomita thelathini na kitu. Naomba unieleze ilikuwaje mpaka wakaichukua, kuna mtu alikosea au? (Mkwe wa Võrumaa)

Marahaba mwanangu. Mama mkwe mpe salamu zangu, manake huo ukimya wake naujua, hata kwetu wapo wanaopita pale wakageuza uso.

Ilikuwa hivi. Mwaka 2016 bunge lao, Riigikogu, lilipitisha sheria kwamba halmashauri iwe na watu wasiopungua 5,000, na wakati ule vald nyingi hazikufika hata nusu ya hapo. Wakapewa mpaka mwisho wa mwaka ule watafutane wenyewe na kuungana kwa hiari, waliokubali wakalipwa euro 100 kwa kila mkazi, kila halmashauri isipate chini ya euro 300,000 wala isizidi 800,000. Waliogoma, serikali ikawaunganisha yenyewe. Wengine walikwenda mpaka Mahakama ya Juu, na Desemba 2016 mahakama ikasema mageuzi yenyewe hayavunji katiba, basi ikawa imeisha hiyo. Uchaguzi wa tarehe 15 Oktoba 2017 ukafanyika kwenye mipaka mipya na halmashauri 213 zikawa 79, miji 15 na vald 64. Na kabla watu hawajapumua, tarehe 1 Januari 2018 serikali za mikoa nazo zikafutwa, mikoa yote 15 ipo kwenye ramani lakini haina tena mkuu wala ofisi yake. Yaani mtu wa kijijini ndani ya miezi michache alipoteza ofisi ya karibu na ile ya juu yake kwa mpigo.

Nani alikosea? Mi siwezi kumnyooshea mtu kidole. Nchi nzima ina watu milioni moja na laki tatu na kitu, vijana wanakwenda Tallinn na Tartu, na vald ya watu mia nane ilitakiwa kuendesha shule, kutunza wazee, kupanga matumizi ya ardhi, maji na barabara, kazi zile zile za mji mkubwa. Kwenye ofisi yetu ya zamani kulikuwa na mama mmoja aliyeshughulikia ustawi wa jamii, ndo huyo huyo aliyeandikisha watoto na vifo, na ufunguo wa maktaba ulikuwa kwenye mkoba wake. Akiumwa yeye, ofisi nzima imeumwa. Alikuwa mtu mwema sana ila hakuwa na jinsi ya kujua sheria zote zile, na mzee akihitaji msaada mgumu, tuseme mwenye kupoteza kumbukumbu, hakukuwa na mtaalamu hata mmoja. Sasa hivi yupo, nimemuona kwa macho yangu, anakuja na gari mpaka mlangoni. Hilo nalisema kwa haki.

Lakini mama mkwe wako naye halii bure. Ngoja nikupe mfano wa theluji. Zamani ikianguka usiku, saa kumi na mbili asubuhi kijana wa kijijini alikuwa ameshapita na trekta lake lenye bamba la kusukumia theluji mbele, na kama hajapita unampigia vallavanem mwenyewe nyumbani kwake, naye anajua kabisa kwamba baada ya kona ya tatu anaishi bibi wa mashine ya kupumulia na gari la wagonjwa lazima lifike. Siku hizi kazi ya theluji inatolewa kwa zabuni kwa eneo zima, barabara zimepangwa kwa madaraja, na njia ya yule bibi imeangukia daraja la mwisho. Majira fulani ya baridi nilipiga simu ofisini asubuhi, nikangoja mpaka saa tisa alasiri, binti aliyepokea alikuwa muungwana kabisa, hakunijibu vibaya hata neno moja, ila aliniuliza jina la kijiji chetu linaandikwaje. Nikamtajia herufi moja moja. Trekta lilikuja jioni, barabara ikafunguliwa, lakini mi ile ya kutajiana herufi haijanitoka mpaka leo.

Hapo ndo naona walikata mno. Mwaka 2013 walichaguliwa madiwani karibu 3,000 nchi nzima, mwaka 2017 wakawa 1,700 na kidogo. Ondoa watu zaidi ya elfu moja ambao kila mmoja alikuwa jirani ya mtu, anayekutwa dukani, anayesimamishwa barabarani akaambiwa taa ya kituo cha basi imeungua, halafu usiweke mtu badala yake, lazima kijiji kijione kimeachwa. Pesa zingeweza kuunganishwa na viti vikabaki vingi kidogo, hayo ni maoni yangu na sijayabadilisha.

Cha kufanya sasa: vald zingine zilizoungana zilibakiza kitu kinaitwa osavald, sehemu yenye baraza lake dogo, na zingine, kama Saaremaa, zikaunda kogukonnakogu, baraza la jamii la kila vald ya zamani. Uliza kama kwenu lipo na wajumbe ni kina nani. Na vikao vya volikogu ni vya wazi kwa mujibu wa sheria, mtu yeyote anaingia anakaa. Mchukue mama mkwe siku moja muende wote, avae koti lake zuri, akae mstari wa mbele.

Habari yako mama. Swali langu dogo tu. Mi naishi kijijini kabisa, dirishani naona ng'ombe na msitu, ila anwani yangu inasema mji wa Pärnu na kufika mjini kwenyewe ni safari. Watu nyumbani wananicheka eti nawadanganya naishi shamba. (Wa Tõstamaa)

Huwadanganyi kaka. Mwaka ule wa 2017 Tõstamaa, Audru na Paikuse ziliungana na mji wa Pärnu na jina la mji ndo likachukua eneo lote, kwa hiyo mji wa Pärnu kisheria una mashamba, misitu na vijiji vya wavuvi. Haapsalu nao walifanya hivyo na Ridala, Narva-Jõesuu na Vaivara. Neno linn, mji, hapo ni jina la halmashauri, halina maana kwamba umezungukwa na maghorofa.

Na wewe angalau kijiji chako kimebaki na jina. Saaremaa, kisiwa kikubwa kuliko vyote nchini, vald 11 na mji wa Kuressaare ziligeuka halmashauri moja, ikaonekana kuna vijiji vyenye majina yanayofanana ndani ya halmashauri hiyo moja na sheria hairuhusu, kwa hiyo vingine vikalazimika kubadilishwa jina. Fikiria babu na babu wa babu wamezikwa wakiitwa watu wa mahali fulani, halafu inakuja barua kwamba mahali hapo sasa panaitwa vingine ili gari la wagonjwa lisipotee. Sababu ni ya maana, gari likikosea kijiji mtu anakufa. Ila inauma, na walioumia walikuwa na haki ya kuumia.

Shikamoo. Mume wangu jina lake liko Tallinn kwenye rejista ya wakazi tangu akiwa kijana kwa ajili ya mabasi ya bure, mimi na watoto tuko kijijini na yeye mwenyewe analala huku siku zote. Jirani yetu mzee kanuna kabisa, anasema tunakula barabara ya vald bila kuilipia. Mi naona ni karatasi tu, au kuna zaidi? (Mama wawili, Jõgevamaa)

Marahaba mama wawili. Kuna zaidi, na huyo mzee ana hoja.

Estonia, kodi ya mapato ya mtu haiendi yote serikali kuu, fungu fulani linarudi kwenye halmashauri alikoandikishwa, na kwa miaka mingi lilikuwa karibu asilimia 12 ya kipato chake chote kabla ya makato. Kwa hiyo kama mumeo anapata euro 2,000 kwa mwezi, piga hesabu mwenyewe, kila mwezi euro mia mbili na thelathini au arobaini hivi zinakwenda Tallinn, na Tallinn haina habari na shimo lililoko mbele ya geti lenu. Tallinn walianza usafiri wa bure kwa wakazi wake walioandikishwa mwezi Januari 2013, na watu wengi waliokuwa wanaishi pale bila kujiandikisha walijiandikisha, pamoja na wengine kama mumeo ambao maisha yao yako kwingine. Mji haukufanya kosa, ulivutia kwake. Ila vald ndogo ikiondokewa na wafanyakazi kumi kwenye rejista hiyo ni nauli ya basi la shule imeondoka.

Kinachoangaliwa ni mtu ameandikishwa wapi tarehe 1 Januari, ndo mana ikifika Desemba utaona vald zinabembeleza watu kwa matangazo, zingine zinachezesha bahati nasibu kwa wanaojiandikisha. Kubadilisha ni bure, anaingia kwenye intaneti na kitambulisho chake, dakika chache kamaliza. Na nafasi ya mtoto kwenye chekechea na shule ya karibu nayo inafuata rejista, kwa hiyo hilo ni lenu pia, sio la jirani peke yake. Wamiliki wa nyumba za kiangazi ndo wanaonipa shida zaidi kusema kweli, wanakuja Juni wanaondoka Agosti, wanadai barabara laini, na jina liko mjini. Kodi ya ardhi yao inabaki kwenye vald, hiyo sikatai, ila ni kidogo ukilinganisha.

Mzee mpelekee keki siku mumeo akishabadilisha, na umwambie ndo yeye aliyewafanya mbadilishe.

Mama shikamoo. Bibi mmoja hapa kijijini, ana miaka tisini na ushee, aliniambia vald ilishawahi kufa mara moja na ikafufuka, kwa hiyo yeye hana wasiwasi. Sikuelewa vizuri Kiestonia chake, ni kile cha Kivõro. Alimaanisha nini? (Mwanafunzi, Tartu)

Marahaba. Huyo bibi msikilize kwa makini na kama anakubali mrekodi kwenye simu, manake anasema kitu alichokiona.

Ukitaka kuelewa kwa nini neno vald lina uzito hivi, kumbuka wakulima wa Estonia walikuwa watumwa wa ardhi chini ya mabwana wa Kijerumani, wakaachiliwa mwaka 1816 upande wa kaskazini na 1819 upande wa kusini, lakini hata baada ya hapo bwana wa mõis, lile shamba kubwa lenye jumba lake, aliendelea kusimamia mambo yao. Sheria ya mwaka 1866 ndo iliyowatoa chini ya jicho la bwana, wakachagua baraza lao, wakasimamia shule, maskini wao na ghala la nafaka la pamoja. Kwa hiyo jengo la vald lilikuwa mahali pa kwanza ambapo mkulima aliamua jambo bila kuvua kofia mbele ya mtu. Ndo maana yale majengo ya zamani wanayaangalia vile.

Kuunganisha nako sio jambo geni. Mwaka 1939, wakiwa nchi huru, walipunguza vald kutoka 365 mpaka 248. Halafu ikaja Sovieti mwaka 1940, ikaja vita, ikaja Machi 1949 ambapo zaidi ya watu 20,000 walisombwa kwa treni kupelekwa Siberia, wengi wao wanawake, watoto na wazee, na waliobaki wakaingizwa kwenye kolhozi, yale mashamba ya pamoja ya Kisovieti. Mwaka 1950 vald zikafutwa kabisa. Hicho ndo kifo anachokisema bibi. Palibaki baraza la kijiji la Kisovieti, ila lilikuwa la kupokea amri, maamuzi yalikuwa kwenye chama na kwenye kolhozi. Miaka ya sabini hata vijiji vidogo viliunganishwa kwenye karatasi, nyumba tano hapa na nane pale wakaambiwa ni kijiji kimoja, majina yakafutwa, ingawa watu wenyewe waliendelea kuyatumia midomoni. Mengi yalirudishwa baada ya uhuru.

Na kufufuka ni tarehe 10 Novemba 1989, siku moja baada ya ukuta wa Berlin kufunguka, sheria ya misingi ya serikali za mitaa ikapitishwa wakati nchi bado iko ndani ya Sovieti. Walianzia chini kwanza, kwenye vald, uhuru wa nchi nzima ukaja Agosti 1991. Kwa bibi wa miaka tisini ambaye labda alimuona baba yake akiingia kwenye kikao cha vald, halafu akaona milango imefungwa miaka arobaini, kuhamishwa kwa ofisi kilomita thelathini si kifo. Nimemuelewa kabisa.

Salaam dada yangu. Nina kibali cha kudumu, Estonia nina miaka kumi na tano, mwaka 2021 nilipiga kura ya vald kwa mara ya kwanza na nilifurahi sana. 2025 nikaambiwa sina haki tena. Wakati huo huo wanakijiji wamenifuata nyumbani wanataka niwe külavanem wao, yaani mzee wa kijiji. Nikubali vipi kuongoza mahali nisipopiga kura? Mke wangu anasema nikatae. (Baba wa Setomaa)

Salaam kaka, hii barua nimeisoma mara tatu.

Kura kwanza. Zamani mtu mwenye ukaaji wa muda mrefu aliruhusiwa kupiga kura ya halmashauri hata kama si raia, ila Machi 2025 Riigikogu ilibadilisha katiba. Waliobaki na haki ni raia wa Estonia na raia wa nchi za Umoja wa Ulaya wanaoishi pale, na wasio na uraia wowote waliruhusiwa mara ya mwisho Oktoba 2025. Sababu kubwa ilikuwa vita ya Urusi kule Ukraine, hawakutaka raia wa Urusi na Belarusi waendelee kuamua, na sheria ikawafagia na watu kama wewe. Mi naelewa hofu yao, wamepakana na Urusi na historia yao nimeieleza hapo juu. Lakini mtu aliyelipa kodi kwenye vald ile miaka kumi na tano na kusukuma theluji ya jirani, kumweka kapu moja na tishio, sikubaliani nako na nimewaambia hata marafiki zangu wa pale. Njia iliyobaki ni uraia, na mtihani wa lugha kwa mtu anayefuatwa na wanakijiji nyumbani naamini utauweza.

Sasa huo uzee wa kijiji. Külavanem hana mshahara wa maana, kwingi hana kabisa, na hana mamlaka, anachaguliwa na mkutano wa wanakijiji wenyewe na kanuni zake hupitishwa na volikogu ya vald husika. Kwa hiyo kabla ya yote soma kanuni za Setomaa uone zinataka nini kwa mgombea. Zikikuruhusu, mi nasema kubali. Setomaa mnajua thamani ya kujisimamia, mageuzi yalipokuja mliruhusiwa kuungana wenyewe kwa wenyewe mkawa vald yenu mkiwa chini ya watu 5,000 kwa sababu ya utamaduni wa Waseto, watu wa asili wa huko, kama vile visiwa vya Kihnu, Ruhnu, Vormsi na Muhu vilivyoachwa, wakati Piirissaar, kisiwa cha ziwani chenye watu mia hivi kwenye rejista, kiliunganishwa na vald ya Tartu. Na kila Agosti Siku ya Ufalme wa Seto si mnachagua ülemsootska, yule mwakilishi wa mfalme, kwa kujipanga nyuma ya mgombea? Watu wakikupangia mstari kijijini hiyo ni kura, kaka, hata kama haimo kwenye katiba.

Mkeo anaogopa simu za usiku, na ana haki, zitakuja. Kaa naye chini mkubaliane saa za simu. Halafu anza na vitu vinavyoshikika. Kabla ya Novemba zunguka nyumba zote, kunywa kahawa kila mahali hata ukichoka, andika namba za simu, nani ana trekta, nani ana jenereta umeme ukikatika, nani anaishi peke yake. Chomeka vijiti vya alama pembeni mwa barabara kabla ardhi haijaganda, vikichelewa havichomeki tena na trekta la theluji litabomoa bustani za watu. Ile orodha bandika nakala moja pale kwenye masanduku ya barua njia panda, ukiacha zile namba ambazo wenyewe hawataki zionekane, na nakala nyingine peleka ofisi ya vald kwa mkono wako, umkabidhi yule anayepokea simu za theluji, umtajie jina la kijiji na umuonyeshe kwenye ramani kilipo.